Sabufa ya gari inachemka? Anza kupima kwenye amplifaya

Sabufa (spika za besi) nyingi zinazofikishwa kwa mafundi redio wa Mwanjelwa na Soweto, hapa Mbeya, zikiwa zimekufa hazikufa kwa ubovu wa spika. Ziliuawa na vitu vilivyo nyuma yake: geini ya amplifaya iliyofunguliwa kwa kusikiliza tu, waya mwembamba, koili zilizounganishwa vibaya, betri iliyochoka. Mwenye gari anatoa hela, ananunua spika kubwa zaidi, inafungwa pale pale kwenye mfumo ule ule, na baada ya miezi michache anarudi akisema, "Fundi, hii nayo ilikuwa feki." Inawezekana. Lakini kabla ya kumlaumu muuza spika, pima.

Nimeupanga mwongozo huu kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, ila ukipata nafasi zipitie zote, kwa sababu gari moja linaweza kubeba makosa matatu kwa wakati mmoja.

Joto linatoka wapi

Spika hupoteza umeme mwingi ajabu. Katika kila wati 100 unazoipa sabufa, zinazogeuka kuwa sauti ni kama moja au mbili, pengine hata chini ya hapo. Zilizobaki huishia kuwa joto kwenye koili, yaani ule waya mwembamba uliozungushwa kwenye bomba dogo katikati ya sumaku. Koili haina feni. Inapoa kwa njia mbili tu: joto lake kuhamia kwenye chuma cha sumaku kilicho jirani, na hewa inayosukumwa karatasi ya spika inapokwenda mbele na nyuma. Ikifika nyuzi 200 hivi za Selsiasi na kuendelea, gundi inaanza kulainika, waya unalegea, unagusa chuma, na hapo ndipo mikwaruzo inapoanza.

Kwa hiyo ile hoja ya "huku kwetu baridi, sabufa haichemki kama Dar" haina mguu. Usiku wa Julai pale Uyole na mchana wa Novemba kule Kyela vinatofautiana nyuzi ishirini na kitu. Kwa koili iliyofika 200, hiyo tofauti ni ndogo mno. Tena Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Ubaridi wa huku una hila nyingine: unagusa bodi ya amplifaya, unaikuta ya uvuguvugu, unaridhika, kumbe koili ndani ya boksi inaiva.

Vifaa vya kazi si vingi. Unahitaji mita ya kidijitali yenye kupima volti za AC (umeme wa kupishana) na DC (umeme wa betri) pamoja na omu (ukinzani wa umeme), bisibisi ndogo bapa, betri ya tochi ya volti 1.5, na faili la sauti ya majaribio la 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde) kwenye simu au fleshi. Hilo faili utalipata bure mtandaoni. Chagua lenye kiwango cha desibeli 0, yaani sauti kamili. Mita ya bei nafuu inatosha, kwa sababu imetengenezwa kupima umeme wa majumbani, na wa TANESCO ni wa 50 Hz hizo hizo.

Harufu ya kuungua, lakini besi bado ipo

Hii ndiyo dalili ya kuishukuru, maana spika bado inaokoleka. Zima muziki. Usipunguze kidogo halafu ukaendelea na safari ya Tukuyu. Zima, acha ipoe nusu saa. Kisha weka vidole vya mikono miwili kwenye karatasi ya spika, pande mbili zinazotazamana, usukume taratibu kwa usawa. Ikienda laini, koili haijapinda. Ikikwaruza, nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Mshukiwa wa kwanza ni geini. Kile kitufe kidogo cha kuzungushwa kwa bisibisi kimechukuliwa na wengi kama sauti ya ziada, na wapo mafundi wanaokifungua hadi mwisho ili mteja aondoke ameridhika. Geini si sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na nguvu ya ishara inayotoka kwenye redio. Redio hazitoi ishara sawa: nyingine hutoa volti 2 kwenye nyaya za RCA (zile zinazokwenda kwenye amplifaya), nyingine 4 au 5, na zile za bei ya chini mara nyingi hazifiki hata 2. Ndiyo maana pembeni ya kitufe pameandikwa volti, kwa mfano 6 upande mmoja na 0.2 upande wa pili. Upande wa 0.2 ndiko amplifaya inakokuza zaidi. Ukiiweka huko wakati redio yako inatoa volti 4, amplifaya itafika kikomo chake redio ikiwa bado chini kabisa.

Ikifika kikomo haiwezi kutoa volti isizokuwa nazo. Wimbi lililopaswa kupanda na kushuka kwa mviringo linakatwa kichwa na miguu, linakuwa bapa juu na chini. Likikatwa kabisa mpaka likawa la mraba, hubeba nguvu mara mbili ya wimbi la mviringo lenye kimo kile kile. Yaani amplifaya yenye wati 500 safi inaweza kuisukumia koili karibu 1,000. Halafu kuna jambo ambalo halionekani kwenye namba za boksi: muziki kwa kawaida una nafasi za kupumua kati ya pigo na pigo, na ukiukuza hadi ukakatwa, hata sehemu zile za chini zinapandishwa. Koili inakosa mapumziko.

Wanaosema amplifaya ndogo ndiyo inayoua spika kubwa wanasema nusu ya ukweli. Amplifaya ya wati 200 iliyopangwa vizuri itaishi na sabufa ya wati 500 miaka na miaka. Tatizo huja pale mwenye gari anapotaka wati 500 kutoka kwenye hiyo ya 200.

Namna ya kupanga geini ni hii. Anza kwa kujua namba ya kweli. Tafuta wati za RMS (zile za mfululizo, si za kilele) za amplifaya kwa omu utakazotumia, na wati za RMS za sabufa, kisha chukua ndogo kati ya hizo mbili. Zile namba kubwa zilizochorwa kwa rangi ya fedha, 2000 au 3500, zisahau. Ni za kuuzia. Kama karatasi ya maelezo imepotea, angalia fyuzi za amplifaya yenyewe. Ikiwa na fyuzi mbili za ampea 25, jumla ni 50. Zidisha kwa volti 13.8 unapata wati 690 zinazoingia. Amplifaya ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, itatoa asilimia 80 hivi ya hizo, kama wati 550. Ya daraja AB itatoa asilimia 60 hivi, kama 410. Fyuzi haina sababu ya kujisifu.

Kisha tafuta volti lengwa: zidisha wati kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Wati 250 kwa omu 4, wati 500 kwa omu 2 na wati 1,000 kwa omu 1 zote zinaangukia volti 31.6. Wati 300 kwa omu 4 ni volti 34.6. Wati 500 kwa omu 4 ni 44.7.

Sasa chomoa nyaya za spika kwenye amplifaya. Usiruke hatua hii, sauti ya 50 Hz isiyokatika inaweza kuiunguza spika wakati bado unatafuta bisibisi. Rudisha geini chini kabisa, zima kikuza besi (BASS BOOST), weka vichuja sauti vya redio (ekolaiza) vyote katikati kwenye sifuri, na ikiwa unatumia simu kwa bluetooth, zima ile programu ya kuongeza besi ndani ya simu. Washa injini. Cheza faili la 50 Hz, pandisha sauti ya redio hadi robo tatu ya mwisho wake. Hapo ndipo patakuwa mpaka wako wa kila siku. Weka mita kwenye volti za AC, ncha zake kwenye matundu ya spika yaliyo kwenye amplifaya, na ufungue geini polepole mpaka mita isome volti ulizokokotoa. Simama hapo. Mimi hupenda kusimama volti mbili tatu kabla, kwa sababu amplifaya isiyobeba mzigo huonyesha volti nyingi kidogo kuliko itakazoweza kuzishika spika ikirudishwa.

Mteja akija mara ya kwanza baada ya kazi hii husema, "Kaka, mbona besi imepungua?" Ni kweli imepungua kidogo. Kilichoondoka ni ule mkoromo ambao sikio lilishauzoea kama nguvu.

Kitufe cha kikuza besi kinastahili neno lake peke yake. Kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili. Desibeli 6 ni mara nne, na 12, ambazo ndizo mwisho wa vitufe vingi, ni mara 16 kwenye mawimbi ya 45 Hz hivi. Hakuna amplifaya ya mtaani yenye akiba hiyo. Kama umepanga geini kwa mita halafu ukafungua kikuza besi, umefuta kazi yote. Kiache sifuri. Wengine wana rimoti ya besi iliyopachikwa kwenye dashibodi. Ipandishe hadi mwisho wakati unapanga geini, ili baadaye iweze kupunguza tu.

Inapiga vizuri, baada ya nusu saa besi inalegea, ukipumzika inarudi

Shaba ikipata joto, ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Koili ikiongezeka nyuzi 100, iliyokuwa na omu 4 inakaribia 5.6. Amplifaya inatoa volti zile zile lakini umeme unaopita unapungua, na besi inapungua nayo. Dereva anafanya kile ambacho kila dereva angefanya: anapandisha sauti. Koili inapata moto zaidi, inakataa zaidi, naye anaongeza tena. Sabufa nyingi za Noah za kuelekea Kyela hufia kwenye mzunguko huo, tena kwenye mteremko, mahali ambapo injini hailalamiki na sauti ya besi ndiyo inayosikika pekee.

Tiba ni kurudi kwenye geini kama hapo juu. Ikiwa geini iko sawa na bado inalegea, basi sabufa ni ndogo kwa kazi unayoipa. Hapo ndipo kununua kubwa zaidi, au kuongeza ya pili, kunapokuwa na maana.

Usichanganye dalili hii na ile ya amplifaya kujizima. Koili iliyochoka hupunguza besi taratibu. Amplifaya iliyozidiwa hukata ghafla.

Taa nyekundu inawaka, amplifaya inakata na kurudi

Shika amplifaya. Ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, mara nyingi inabeba omu chache kuliko inazoruhusiwa. Chomoa nyaya za spika kwenye amplifaya, pima omu kati ya hizo nyaya. Spika ya omu 4 husoma kati ya 3.2 na 3.8 hivi, ya omu 2 husoma 1.6 hadi 1.9. Kabla ya kusoma, gusanisha ncha za mita zenyewe; mita nyingi huonyesha 0.2 au 0.3 za nyaya zake, na hizo uzitoe.

Makosa hutokea zaidi kwenye sabufa zenye koili mbili. Koili mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba ni omu 2; zikifuatana ni 8. Sabufa mbili za namna hiyo, koili zote nne sambamba, ni omu 1, na amplifaya nyingi za njia nne (zenye matokeo manne ya spika) hazikuumbwa kwa hilo. Ukiunganisha njia mbili kuwa moja, kila njia inaona nusu ya mzigo: spika ya omu 4 inaonekana kama 2. Ndiyo maana chini ya matundu pameandikwa kuwa ukiunganisha njia mbili, omu zisishuke chini ya 4. Andiko hilo linasomwa na wachache.

Wapo pia wanaounganisha koili moja na kuiacha ya pili ikining'inia, kwa kuwa "omu zimegoma kulingana". Sabufa itapiga, lakini uwezo wake wa kubeba joto umekatwa nusu.

Kosa baya kuliko yote ni koili moja kugeuzwa chanya na hasi. Koili mbili zinavutana, karatasi haiendi popote, besi hakuna, na umeme wote unakuwa joto bila hewa ya kupooza. Dakika chache zinatosha kuimaliza. Jaribio lake ni la betri ya tochi: gusisha chanya ya betri kwenye chanya ya koili ya kwanza na hasi kwenye hasi, karatasi iruke nje. Fanya vivyo hivyo koili ya pili. Ikiingia ndani badala ya kutoka, kuna alama iliyogeuzwa. Jaribio hilo hilo lifanye ukiwa na sabufa mbili kwenye boksi moja.

Ikiwa omu ziko sawa na amplifaya bado inachemka, angalia inapokaa. Chini ya kiti imefunikwa zulia, nyuma ya mizigo ya ndizi, au imepigwa skrubu kwenye boksi lenyewe la besi, ambako inatikisika mpaka solda zinaachia. Iachie nafasi ya vidole vinne kila upande, na vumbi ulipulize mara kwa mara ikiwa unatembea barabara za vijijini.

Taa za mbele zinafifia kila besi inapogonga

Taa zinasema volti zinashuka. Volti zikishuka, kikomo cha amplifaya kinashuka nacho, na geini uliyoipanga vizuri injini ikiwaka inaanza kukata vichwa vya mawimbi.

Pima kwenye matundu ya umeme ya amplifaya, volti za DC. Injini ikiwa imewaka bila muziki, tarajia 13.8 hadi 14.4. Piga muziki kwa sauti yako ya kawaida, tazama inashuka hadi wapi. Ikibaki juu ya 13, sawa. Ikigusa 12 injini ikiwaka, kuna mahali umeme unapotelea.

Papate mahali hapo kwa mita ile ile. Ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya amplifaya, muziki ukipiga. Kama gari ni refu, ongezea waya wowote mwembamba kwenye ncha ya mita. Hauathiri kipimo kwa kuwa haubebi mzigo. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, waya ni mwembamba au kuna kiungo kibovu. Rudia upande wa hasi, kuanzia hasi ya betri hadi hasi ya amplifaya. Hapo hata volti 0.2 ni nyingi.

Upande wa hasi ndio unaosahaulika. Waya wa hasi uwe mfupi, chini ya nusu mita, mnene sawa na wa chanya, na ufungwe kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi mpaka kikang'aa. Ukiisha kufunga, paka grisi au rangi juu yake, maana mvua za Rungwe hazichezi na chuma kilichoachwa wazi. Boliti ya kiti au ya mkanda usiitumie.

Kuhusu unene: amplifaya ya daraja D inayotoa wati 1,000 za kweli huvuta karibu ampea 90 inapofika kilele. Waya wa geji 8, wenye shaba milimita 8 za mraba hivi, hautoshi. Tumia geji 4, wa milimita 21. Na iwe shaba kweli. Waya mwingi unaouzwa kwenye pakiti za "seti kamili" ni alumini iliyopakwa shaba juu, nao hupitisha umeme kidogo kwa unene ule ule. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini. Unaweza kuutumia, lakini panda unene hatua moja. Fyuzi kuu iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45. Fyuzi hiyo inalinda gari lisiungue, si sabufa. Kuongeza fyuzi kubwa hakutaongeza besi hata kidogo.

Nyaya zikiwa nzima na volti bado zinashuka, pima betri na oltaneta. Betri iliyopumzika usiku mzima na kushiba husoma 12.6 hivi.

Wale wanaopiga muziki gari likiwa limezimwa, kwenye sherehe au stendi wakisubiri abiria, wapange geini injini ikiwa imezimwa. Hapo amplifaya inapata 12 na pointi, wala si 14, na kikomo chake kiko chini zaidi. Bajaji ni hivyo hivyo muda wote: betri yake ni ndogo na chaji yake ni ndogo. Sabufa ya wati 100 za kweli kwenye bajaji ni ya kutosha, hata kama boksi limeandikwa 800.

Coaster, Fuso na maroli ya volti 24

Barabara ya TANZAM inapita katikati yetu, kwa hiyo mada hii haikwepeki. Coaster nyingi za dizeli, Fuso, na maroli ya kina Scania na Howo yanayopandisha Kitonga kuelekea Tunduma yana umeme wa volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofuatana. Vichwa vingi vya Kimarekani kama Freightliner ni volti 12, kwa hiyo pima kwanza, usikisie.

Njia ya mkato iliyozoeleka ni kuchomoa volti 12 kutoka betri moja tu, ile ya upande wa hasi. Muziki unapiga siku hiyo hiyo, na ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini oltaneta inaangalia jumla ya volti 28 tu, haijui kilichoko katikati. Betri inayonyonywa na amplifaya ikishuka hadi 12, ya pili inasukumiwa 16, inachemsha maji yake. Baada ya muda una betri moja yenye njaa na nyingine iliyokaushwa, na amplifaya inaishi kwenye volti 11 na kitu, ikikata mawimbi kila pigo. Dereva anaona sabufa imeungua, anabadilisha sabufa, na wiki nyingine gari linagoma kuwaka asubuhi ya baridi pale Makambako. Ni nadra mtu kuunganisha mambo hayo mawili.

Tumia konveta ya kushusha 24 hadi 12, inayochukua umeme kutoka betri zote mbili. Ila soma ampea zake. Konveta ya ampea 30 kwa volti 13.8 inatoa wati 414, na amplifaya ya daraja D itazigeuza kuwa wati 330 hivi. Hizo ndizo wati zako, hata kama amplifaya imeandikwa 1,000. Kokotoa volti lengwa za geini kwa 330. Wanaotaka zaidi waweke betri ya tatu ya volti 12 peke yake kwa muziki, ichajiwe na chaja ya kushusha kutoka 24.

Karatasi inaruka sana, inagonga, besi yenyewe hafifu

Boksi lenye tundu hushika karatasi vizuri kuanzia mawimbi ambayo boksi limepimiwa kwenda juu. Chini ya hapo linaiachia: karatasi inaruka bila kizuizi, koili inatoka kwenye uwanja wa sumaku, inagonga chini, na inapata joto bila kutoa sauti. Washa kichuja cha mawimbi ya chini kabisa, kile kinachoandikwa SUBSONIC. Kama boksi limepimiwa 35 Hz, kiweke kwenye 28 au 30. Boksi lililofungwa kabisa halina shida hii kwa kiwango hicho.

Kichuja cha juu, LPF, kiweke 80 Hz au karibu yake. Kikiachwa wazi, sabufa inapokea hadi sauti za waimbaji, na inapoteza nguvu kwa kazi ya spika za mlango.

Jihadhari pia na muziki wenyewe. Amapiano ina besi ndefu inayolala muda mrefu kuliko ngoma ya Bongo Fleva ya zamani, kwa hiyo koili inafanya kazi zaidi kwa sauti ile ile ya redio. Na nyimbo zilizopakuliwa, zikakuzwa, zikatumwa WhatsApp, zikarekodiwa upya, zinaweza kuwa zimekatwa vichwa kabla hazijafika kwenye redio yako. Geini haiwezi kurekebisha hilo. Punguza sauti.

Imekwaruza, au imenyamaza kabisa

Pima omu za kila koili, nyaya zikiwa zimechomolewa. Mita isiposoma chochote, kwanza kagua ule waya laini uliosukwa unaotoka kwenye matundu hadi kwenye karatasi. Mara nyingine umekatika hapo tu na solda inamaliza kazi. Ukiwa mzima, koili imekatika. Ikisoma chini sana, mfano omu 1.5 kwenye koili ya 4, waya umeyeyuka ukagusana, na ukiirudisha kwenye amplifaya utaua na amplifaya.

Koili mpya hufungwa na mafundi wa spika, na kwa sabufa yenye sumaku kubwa inalipa. Ya bei ya chini kabisa, tupa. Unapoichukua kwa fundi, pima omu mbele yake kabla ya kulipa: koili za kusuka upya hutofautiana, na 4 inaweza kurudi ikiwa 2.6. Kisha ichukulie kuwa inabeba nusu ya wati za mwanzo, na geini uipange kwa hiyo nusu.

Baada ya kufunga, fanya kipimo cha moto. Andika omu zake ikiwa ya baridi, tuseme 3.6. Piga muziki wako wa kawaida kwa nusu saa, zima, chomoa waya na upime ndani ya sekunde chache, maana koili hupoa haraka. Ikisoma 4.3, imepanda asilimia 20 hivi, sawa na nyuzi 50 juu ya hali ya hewa, haina tatizo. Ikisoma 5, imepanda nyuzi 100, nawe uko ukingoni. Ikipita 5.5, shusha geini volti kadhaa kwa mita, uiache ipoe, urudie kipimo.